Sakafu Isiyopigiliwa

Jumapili, 10 Machi 1935

Leo nimekuwa mwenye mashua. Mimi, Kepher Obiero, fundi wa masanduku katika kiwanda cha chai, mtu wa Kano ambaye baba yake hajawahi kumiliki kitu kinachoelea. Mashua yenyewe ni ndogo, ya watu wawili, watatu wakibanana. Ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya stoo ya kuni tangu meneja wa zamani alipokwenda kwao, na leo nyapara alikuwa ametuma watu waipasue iingie kwenye tanuri la kukaushia chai. Nikamkimbilia meneja mpya barazani kwake, nikamwomba. Akauliza naitakia nini. Nikamwambia nitaitengeneza nivue bwawani siku za Jumapili. Akacheka, akasema nichukue, ila ikizama nisiende kwake kulia.

Haizami. Mbavu zake ni nzima, na nyufa za ubavuni ni za kuzibwa kwa lami. Ubovu uko kwenye sakafu tu, maana mbao zote za ndani za kukanyagia zimeoza, zinavunjika kwa kidole. Na sakafu ni kazi gani kwa mtu anayegonga mbao mwaka mzima?

Sababu ya haya yote ni Syprose, mke wangu. Nilimleta huku Januari baada ya ndoa. Ni binti wa ziwani, marehemu baba yake alikuwa muundaji wa mashua, na tangu afike anasema huku Kericho amekuta ukungu na maharagwe. Samaki anayefika kambini ni yule mkavu wa gunia, na Syprose akimpika anaziba pua. Wiki iliyopita aliniambia polepole, bila hasira, kwamba mvua zikiisha mama yake atapanda kuja kumwona, na mama akiteremka, yeye atateremka naye akakae kwa wazazi wangu Kano, kama wanavyokaa wake wa wanaume wengine, mimi niwe naenda likizo. Iliniuma, sitaficha. Lakini sasa nina mashua, na bwawani wamo mumi, wale kambare wenye ndevu. Mke atakula samaki wabichi, na habari ya kuteremka itakufa yenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepima. Kazi ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 14 Machi

Bosire amenisaidia kuigeuza. Bosire ndiye rafiki yangu hapa, Mkisii wa milimani, kazi yake ni kulisha tanuri kuni, na anaogopa maji hata ya kunawa. Akachungulia ndani, akauliza, "Sasa sakafu ya nini? Si mashua iko na chini yake?" Nikamweleza kwamba ukikanyaga mbao za nje moja kwa moja utazilegeza, na kwamba mvuvi anataka mahali pakavu pa miguu, ndoana na samaki. Akasema yeye mahali pake pakavu ni nchi kavu.

Jumamosi, 16 Machi

Syprose amekuja kuangalia. Alizunguka mashua mara mbili, akaingiza mkono kati ya mbavu, akauliza, "Maji yatatokea wapi?"

Nikamwambia hakuna maji yatakayoingia, kwa hiyo hakuna yatakayotoka. Masanduku yangu ya chai yanapanda meli mpaka Ulaya na majani hayapati hata unyevu. Akasema, "Sanduku linakaa ndani ya meli, Kepher. Halikai majini." Nikacheka, nikaendelea na kazi. Wanawake wa ziwani wana maneno.

Jumatano, 20 Machi

Mvua zimeanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Sakafu imekamilika, na nitaandika jinsi nilivyoifanya kwa sababu nataka kuikumbuka. Nimeomba kiwandani plaiwudi ya masanduku yaliyokataliwa. Nimekata vipande vikakaa juu ya mbavu toka pua hadi mkia, ubavu hadi ubavu, pasipo nafasi ya kupitisha ukucha. Nimepigilia misumari midogo kila upana wa vidole viwili. Kingo nimezifunga kwa ukanda wa bati, kama tunavyofunga sanduku, kisha juu nimetandika ile karatasi ya madini ya risasi inayowekwa ndani ya sanduku, na kila mshono nimeupaka lami. Nimemwaga debe zima la maji juu yake, yakakaa juu yakitetemeka. Chini halikupita tone.

Bosire alisema ni kazi ya kuwekwa sebuleni kwa meneja. Mimi sikumpinga.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ya mawe. Chai imepasuliwa, wachumaji wamerudishwa nyumbani. Syprose hajasema neno tangu asubuhi, isipokuwa kwamba kuni ni mbichi.

Jumapili, 7 Aprili

Tumeibeba mashua mpaka bwawani, wanaume wanane, tukiimba. Mlinzi wa bwawa, mzee arap Langat, alisimama na blanketi lake akitutazama. "Kitu ya kukaa juu ya maji ni bata," akasema. "Mtu iko na miguu ya kutembea." Tukaishusha majini, ikaelea. Nikaingia, nikakaa, nikatazama chini. Sakafu kavu kabisa.

Jumapili, 14 Aprili

Nimevua mumi wawili, mmoja mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Syprose aliwapika na nyanya na akala kichwa chote polepole, mfupa kwa mfupa. Nilikaa nikimtazama mpaka akaniambia niache. Nina hakika jambo limekwisha.

Mashua inashinda bwawani imefungwa kwenye mti, mvua inainyeshea, nami nikipangusa kwa gunia sakafu ni kavu vilevile.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Kanisani, kisha bwawani. Samaki watatu. Mashua imetulia zaidi sasa, haitikisiki ovyo kama mwanzo, na kasia linakwenda kwa uzito. Nilimweleza Syprose hivyo kwa fahari, kwamba imeyazoea maji. Akaacha kuosha sufuria. "Imekuwa nzito?" akauliza. Nikasema imetulia. Akauliza tena kama imekuwa nzito. Nikamwambia sakafu ni kavu, aende ajionee mwenyewe. Akasema kwao mwanamke haendi kuingia mashua ya kuvulia, na akarudi kwenye sufuria.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua mchana, mvua jioni.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 29 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo nimepewa ruhusa ya kutokwenda kazini, kwa hiyo nitaandika yote.

Nilimshawishi Bosire. Lazima niseme hivyo kwanza. Nilimfuata kwake, mbele ya mkewe Nyambeki, nikamwambia mwanamume mzima hawezi kuishi kando ya bwawa akaliogopa. Nikamwonyesha sakafu. Akaigusa kwa kiganja, akaona ni kavu, akavua viatu, akaingia. Kwa muda alifurahi kuliko mimi. Alikaa katikati ameshika kingo zote mbili, akawa anaita watu waliokuwa wakifua nguo ufukoni wamwone. Syprose alikuwa miongoni mwao.

Tulipofika katikati ya bwawa ndoana ya Bosire ikavutwa. Akasahau woga wote, akainuka nusu, akaegemea kushoto kumvuta samaki. Mashua ikaegemea naye. Hilo ni jambo la kawaida, mashua huegemea kisha hurudi. Hii haikurudi. Nilisikia chini ya miguu yangu, chini ya ile sakafu kavu, maji mengi yakikimbia upande mmoja kwa sauti nzito, na nikaelewa yote kwa mara moja, nikiwa nimechelewa. Bosire akasema, "Kepher, hii kitu inahama." Kisha tukawa majini.

Maji ya huku ni baridi ya kukata pumzi. Mimi kuogelea kwangu ni kwa mtoni Kano, mahali ambapo miguu inafika chini. Niliishika mashua iliyokuwa imepinduka, nikamtafuta Bosire, nikaona mkono mmoja tu, na mkono huo ukazama. Nikapiga kelele. Sikuweza kuiachia mashua, hiyo ndiyo kweli, vidole vilikataa.

Aliyemtoa ni Syprose. Sikumwona akiingia. Nilimwona akiwa tayari karibu nasi, kichwa chini, mikono ikikata maji, mke wangu ambaye sikuwahi kumuuliza kama anajua kuogelea. Alizama, akaibuka amemshika Bosire nyuma kwenye ukosi wa shati, akamweka mikono juu ya mashua kando yangu, akatuambia sote wawili tufunge midomo na tupige miguu. Tukapiga miguu mpaka ufukoni, yeye akisukuma.

Nyambeki alimpokea mumewe bila kunitazama. Bosire alitapika maji, akalala kifudifudi kwenye nyasi. Syprose alisimama mbele yangu, nguo zimemganda mwilini, anatetemeka.

"Nilikuuliza maji yatatokea wapi," alisema. "Mvua inaingia, mawimbi yanaingia, mshono unavuja. Hakuna mashua isiyo na maji tumboni. Wewe umeyafungia ndani usiyaone. Ungekufa juu ya sakafu safi."

Nilikuwa na aibu na pia nilikuwa nampenda sana, vyote viwili kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Bosire. Nyambeki alinifungulia, akanipa kiti mbali na moto. Nikaomba msamaha mbele ya wote wawili. Bosire akasema anasikitikia samaki, alikuwa mkubwa. Nyambeki hakucheka.

Jumapili, 5 Mei

Nimeng'oa sakafu. Ilikuwa imeshika vizuri sana, nilivunja patasi moja. Chini yake kulikuwa na maji meusi, majani yaliyooza na harufu ya kuchefua, na plaiwudi ilikuwa imeanza kuachana tabaka kwa tabaka. Mbavu mbili zimelainika. Wiki chache tu, na kazi yangu nzuri ilikuwa inaila mashua kutoka ndani.

Nilirudi nyumbani, nikaketi, nikamuuliza Syprose baba yake alikuwa anaweka vipi sakafu. Alinitazama kwanza kuona kama nacheka. Kisha akavuta majivu jikoni, akachora kwa kijiti, na alizungumza mpaka uji ukaungua. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akishikilia mbao, akichochea lami, akiingia ndani kuchota maji mashua ikiwa ufukoni. Miezi minne tumekaa nyumba moja na nilikuwa sijui hata moja ya hayo. Nilikuwa nikidhani anakosa samaki.

Jumatano, 8 Mei

Mti wa mtarakwa. Syprose amesema plaiwudi ibaki kiwandani.

Jumapili, 12 Mei

Tunafanya kazi pamoja chini ya paa la stoo ya kuni. Wapita njia wanasimama. Mbao ni papi nyembamba za mtarakwa, na kati ya papi na papi anataka nafasi ya kidole. Mimi mkono wangu unazisogeza zigusane kila nikisahau, naye anazitenganisha. Nikashika randa nizilainishe juu, akanizuia. Mguu wenye maji unateleza kwenye ubao laini, akasema, acha msumeno ulivyoacha. Kumwachia mtu kazi isiyopigwa randa kumenitesa siku nzima.

Na misumari haiingii kwenye mbavu hata mmoja. Sakafu ina vipande vitatu, kila kimoja kimeungwa peke yake kwa vibao vya chini, vinakaa juu ya mbavu na kushikwa kwa vishikizo vya mti vya kuzungusha. Unageuza kishikizo, unainua kipande, unaona tumbo lote la mashua. Nyuma tumeacha nafasi wazi ya kuingiza kibuyu cha kuchotea maji.

Jumapili, 19 Mei

Mbavu mpya mbili zimeingia. Lami imechafua mikono yetu sote wawili. Syprose ameimba, sijui kama amejua kuwa anaimba.

Jumatano, 22 Mei

Neno limefika kwa mtu wa kutoka Soin, kwamba mama mkwe atakuja katikati ya Juni. Syprose alisikia, akaitikia, akaendelea kupepeta nafaka ya wimbi. Sikumuuliza kama bado atateremka. Mwezi wa Machi ningeuliza. Sasa naogopa jibu.

Sijui pia nitampokeaje. Kwetu Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, wala hawapeani mkono. Nikimwona njiani naingia kwenye chai mpaka apite. Wala mama mkwe halali nyumbani kwa binti yake. Atafikia kwa Mama Apiyo, shangazi yao wa ukoo, Kambi ya Juu, ng'ambo ya bwawa, na mchana atavuka daraja la magogo kuja kumwona mwanawe.

Ijumaa, 31 Mei

Daraja la magogo limechukuliwa na maji. Mvua ya jana ilikuwa ya kufunga msimu, ikaondoka nalo. Kwenda Kambi ya Juu sasa ni kuzunguka barabara ya Kericho, safari ya nusu siku kwenye matope. Meneja amesema daraja litangoja mwezi wa Agosti.

Jumapili, 2 Juni

Tumeishusha mashua. Nilimwambia Syprose aingie kwanza. Akasema kwao mwanamke haingii. Kisha akalitazama bwawa, na chai iliyolizunguka pande zote, akasema, "Lakini hili si ziwa," akaingia. Alipiga kasia mpaka katikati na kurudi, mgongo wima. Alipofika ufukoni aliinua kipande cha nyuma, akanionyesha maji kidogo tumboni, akayachota kwa kibuyu mara tatu, akakirudisha kipande mahali pake. Huko ndiko yanakotokea.

Jumapili, 9 Juni

Mumi watano. Yeye alipiga kasia, mimi nilivua. Mmoja tumempelekea Nyambeki. Amenipa kiti karibu na moto.

Jumamosi, 15 Juni

Mama mkwe amefika Kambi ya Juu. Amemwambia mtu amwambie mtu kwamba ana haraka, kesho atamwona binti yake na Jumatatu asubuhi gari la chai litamchukua kutoka barabara ya juu. Syprose amesema atamvusha yeye mwenyewe kwa mashua. Hakusema zaidi. Amekausha samaki wawili juu ya moshi.

Jumatatu, 17 Juni

Jana asubuhi nilikwenda naye bwawani kuisukuma mashua, kisha nikageuka. Hiyo ndiyo heshima. Mama mkwe akija, mkwe anatoa mgongo. Nilisimama nyuma ya mti nikiitazama chai, na nyuma yangu mjane wa muundaji wa mashua alikuwa anakwenda kukanyaga sakafu yangu, nami sikuruhusiwa kuona. Bosire alisimama kando yangu akitazama kwa niaba yangu.

"Wamekutana kule ng'ambo," alisema. "Mama ni mdogo tu. Mweusi sana. Iko na fimbo."

Nikauliza kama ameingia.

"Bado. Anagonga mashua na fimbo. Pole pole, kila mahali. Sasa ameingia. Amekaa. Hapana, ameinuka tena."

"Ameinuka kwa nini?"

"Ameinua sakafu yako."

Bosire akasema ameingiza mkono wote hadi kwenye bega, anapapasa mbavu, ameunusa mkono. Akasema amekirudisha kipande na kugeuza kishikizo. Akasema wameanza kuja. Niliwasikia wakifika, nikasikia fimbo ikigusa mawe, kisha sauti ya mama mkwe, ya juu, isemwayo kwa binti lakini kwa ajili ya mgongo wangu.

"Syprose, aliyeifanya hii kazi ni mtu anayesikiliza?"

Syprose alikawia kujibu. Nilihesabu aibu zangu zote katika kukawia huko.

"Siku hizi anasikiliza," akasema.

Walikaa ndani ya nyumba yetu mpaka jua likaelekea kushuka, mimi nikala kwa Bosire. Najua waliongea, maana moshi ulitoka sana na hakuna aliyetoka nje. Kisha tukarudi tulivyokuwa, mimi na mti wangu, Bosire na macho yake. Syprose alipita nyuma yangu na sikusikia miguu yake ikisita.

"Wako na furushi," Bosire alisema. "Kubwa. Limefungwa na kanga."

Nilimuuliza kama ni la mama. Akasema limebebwa na Syprose. Nikamuuliza kama ni samaki. Akasema samaki iko na kikapu chake, hii ni nguo. Nilitaka kugeuka na nilijua kwamba nikigeuka nitakuwa nimemkosea mama yake mbele ya watu, basi nikashika gome la mti kwa mikono miwili. Kasia likaanza kupiga maji. Nalijua pigo lake sasa, refu halafu fupi. Lilikwenda likififia mpaka nikawa nasikia ndege tu.

"Wamefika," Bosire akasema. "Mama ameshuka. Syprose ameshuka. Furushi limeshuka."

Nikasema vizuri. Sijui kwa nini nilisema vizuri.

"Wanapanda kilima. Wote wawili." Niliona kwamba hata yeye alitaka kugeuka anitazame lakini akanionea huruma. Nilikuwa nikifikiri kwamba nimetengeneza kitu kizuri sana, imara, cha kumchukua mke wangu salama mpaka ng'ambo, na kwamba hata hivyo nisingekitengeneza vingine.

"Ngoja," Bosire akasema. "Mama amejitwika furushi. Kumbe ni zawadi yake. Anaenda nayo peke yake." Kisha akanishika bega. "Mmoja amerudi kwa mashua. Amepanda."

Nikageuka. Bwawa lilikuwa jeupe kwa jua la mwisho na Syprose alikuwa katikati yake, ameweka kasia chini, ameinua kipande cha nyuma, anachota maji. Alimaliza, akakirudisha kipande mahali pake, akashika kasia, akaja nyumbani.